Zana za wakala wa akili mnemba katika maabara ya mtandao: maelezo yaseme pia matokeo hayathibitishi nini

Mleta mada, Ngamiani, Tanga

Wakuu, heshima kwenu. Tunaendesha maabara ndogo ya mitandao hapa Ngamiani kwa ajili ya vijana wanaojifunza kusanidi ruta kabla hawajaruhusiwa kugusa vifaa vya wateja. Ruta zetu ni za programu: FRRouting (programu huria ya ruta) ndani ya kontena, zikiunganishwa kwa Containerlab (programu ya kujenga maabara za mitandao kwa kontena), na topolojia nzima, yaani ramani ya nodi na viungo vyake, imeandikwa katika faili moja la YAML. Nodi tumezipa majina ya miji ya mkoa wetu, yaani Tanga, Muheza, Korogwe na Lushoto. Siku hizi tumemwongeza wakala wa akili mnemba ambaye hupewa jukumu kama vile kuthibitisha kwamba Lushoto inafikika hata kiungo cha Muheza kikikatwa. Naye huchagua zana, huziita, husoma matokeo na kuandika ripoti.

Hoja yangu ni moja. Ripoti mbaya tunazozipata husababishwa zaidi na maelezo ya zana kuliko na uwezo wa modeli, na sehemu ya maelezo ambayo karibu kila mwandishi huiacha ni ile inayosema matokeo ya zana hayathibitishi nini.

Kwa wasiolifahamu jambo hili kwa undani: modeli haioni msimbo wa zana. Inachoona ni jina la zana, maelezo yake, na orodha ya vigezo iliyoandikwa kwa muundo wa JSON. Hivyo ndivyo ilivyo hata katika MCP, itifaki iliyotangazwa na Anthropic mwezi Novemba 2024, ambayo sasa hutumika sana kuunganisha modeli na zana. Kijana anayesoma mwongozo akikwama humgeukia aliyeketi meza ya pili, lakini modeli hulijaza pengo kwa kukisia, kisha huandika kisio hilo kwa ufasaha uleule inaoandikia ukweli.

Chukueni zana rahisi kuliko zote. Maelezo yake ya kwanza yalikuwa hivi: "pima_ufikaji: hufanya ping kwenye kifaa." Je, ping hiyo, yaani pakiti za kupima kama kifaa kinajibu, hutoka nodi ipi? Hutuma pakiti ngapi? Ruta ya Cisco yenye IOS (mfumo endeshi wake) hutuma pakiti 5 kisha ikasimama, lakini ping ya Linux isipopewa idadi huendelea mpaka izimwe, kwa hiyo zana iliyoandikwa ovyo haitarudisha jibu kabisa. Je, asilimia 80 ya majibu ni hitilafu, au ni ile pakiti ya kwanza iliyopotea wakati ARP, itifaki ya kutafuta anwani ya MAC ya kifaa, bado haijapata jibu? Mhandisi mzoefu hutabasamu akiona 80 na kurudia amri. Wakala huandika kwamba kiungo kinapoteza pakiti.

Maelezo tunayoyatumia sasa ni haya (ICMP ni itifaki inayotumiwa na ping, na TCP ni ile inayobeba huduma kama tovuti):

> Hutuma pakiti za ICMP za kuomba mwangwi kutoka nodi ya maabara iliyotajwa katika `chanzo` kwenda anwani ya IPv4 iliyotajwa katika `lengo`. Hutuma pakiti 5, moja kila sekunde, kisha husimama. `ukubwa` ni baiti za pakiti nzima ya IP, vichwa vikiwemo. Hurudisha idadi ya pakiti zilizotumwa na zilizojibiwa, na muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde. Itumie kujua kama lengo linajibu sasa hivi kutoka chanzo hicho. Usiitumie kuthibitisha kwamba huduma ya TCP inafanya kazi. Kwa kazi hiyo tumia `jaribu_mlango`. Kukosekana kwa jibu hakuthibitishi kwamba njia ya kwenda imekatika: kichujio kinaweza kuzuia ICMP, au lengo likawa halina njia ya kurudi. Ikipotea pakiti ya kwanza peke yake, rudia mara moja kabla ya kuripoti hitilafu.

Sentensi tatu za mwisho ndizo zilizobadilisha ripoti zetu. Naomba michango, hasa kutoka kwa wenye maabara zao.

Fundi wa Pongwe

Mkuu, hapo kwenye `ukubwa` umegusa jambo linalosumbua hata watu wazima, ingawa naona umelipita haraka. Katika Linux, namba inayoandikwa baada ya `-s` ni baiti za data tu. Ukitaka pakiti ya IP ya baiti 1500 unaandika 1472, kwa kuwa kichwa cha ICMP ni baiti 8 na cha IPv4 ni baiti 20. Katika IOS unaandika 1500 yenyewe, kwani namba ile huhesabu pakiti nzima. Junos, mfumo wa ruta za Juniper, inafuata hesabu ya Linux. Wakala anayehudumia maabara yenye vifaa vya aina zote tatu, akiwa na kigezo kilichoandikwa "ukubwa wa pakiti" pasipo maelezo, atapata majibu matatu tofauti kutoka kiungo kimoja na kuyatungia hadithi.

Kuna sharti la pili: ping kubwa isiyokatazwa kugawanywa njiani haithibitishi lolote kuhusu MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao kiungo hupitisha, kwa sababu ruta huigawa na yenyewe hufika salama. Tengeni kigezo cha `zuia_kugawanywa`, na maelezo yaseme kwamba bila kukiwasha matokeo hayana maana kwa swali la MTU.

Na la tatu ni la Containerlab yenyewe. Viungo inavyoviunda kati ya kontena huwa na MTU ya 9500 usipobadilisha, kwa hiyo tatizo la MTU linalomsumbua mteja kwenye kiungo cha 1500 halitaonekana maabara, na wakala ataandika kwa kujiamini kwamba hakuna tatizo. Maelezo ya zana yako hayataji jambo hilo.

Mleta mada

Nashukuru, fundi. La 9500 nitaliweka katika maelezo ya `onyesha_topolojia`, ambayo ndiyo zana ya kwanza kuitwa, pamoja na MTU halisi ya kila kiungo. Katika `pima_ufikaji` nitaongeza `zuia_kugawanywa` na sentensi yake.

Dada wa Mikanjuni

Naomba niongezee kuhusu kupima kasi, maana huko ndiko nilikoona ripoti za ajabu zaidi. iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, ikiachwa na chaguo-msingi lake hupima TCP kwa sekunde 10. Ukiiambia ipime UDP (itifaki isiyosubiri uthibitisho wa kupokelewa) bila kutaja kasi, hutuma megabiti 1 tu kwa sekunde. Wakala anayeona neno "UDP" katika orodha ya vigezo na kulichagua, huku maelezo hayasemi kitu kuhusu kasi, atarudi na taarifa kwamba kiungo chenu kina uwezo wa megabiti 1. Kwa jinsi zana ilivyoelezwa, hajadanganya: ameomba kipimo na amepewa namba.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, kigezo cha `kasi_mbps` kiwe cha lazima pale `itifaki` inapokuwa UDP, na sharti hilo likaguliwe na msimbo, lisiachiwe maelezo peke yake. Pili, maelezo yaseme waziwazi kwamba katika maabara ya kontena namba ya iperf3 haipimi kiungo. Viungo vile ni vya programu ndani ya mashine moja, havina kikomo cha kasi mpaka mtu akiweke, kwa hiyo kinachopimwa ni nguvu ya kichakataji cha mashine mwenyeji na mzigo ilionao wakati huo. Ukitaka kiungo kiwe na tabia ya kiungo cha kweli, ukiongezee ucheleweshaji, upotevu na kikomo cha kasi kwa netem, zana ya Linux ya kuiga kasoro za mtandao; Containerlab ina amri yake ya kufanya hivyo. Kwetu, `pima_kasi` haikubali kuitwa kwenye kiungo ambacho hakijawekewa kikomo, na ujumbe wake wa kukataa unaeleza sababu na kutaja zana ya kuita kwanza.

Ujumbe wa hitilafu nao ni sehemu ya maelezo, wadau. Seva ya iperf3 huhudumia jaribio moja kwa wakati. Ikiwa zana itarudisha "imeshindikana" na kuishia hapo, wakala atadhani njia imekatika na kuanza kuchokonoa ruta. Ikirudisha "seva inahudumia jaribio jingine, subiri sekunde 15 kisha uite tena kwa vigezo vilevile", atasubiri. MCP imelizingatia hili: hitilafu iliyotokea ndani ya zana hurudishwa kama matokeo yenye alama ya hitilafu, ili modeli iisome na kujirekebisha.

Mzee wa Chumbageni

Vijana wangu, nimewasoma kwa makini na sikubaliani nanyi kwa yote. Maelezo ya kila zana huingizwa katika dirisha la muktadha wa modeli, yaani maandishi yote inayoyasoma kwa wakati mmoja, na kwa kawaida huwamo katika kila hatua ya mazungumzo. Zana moja yenye aya ndefu haina shida. Zana arobaini zenye aya ndefu ni kitabu kinachosomwa upya kila mara, tokeni zake (vipande vya maneno) hulipiwa, na lililo muhimu hufunikwa na lisilo muhimu. Isitoshe, modeli za leo zimeshasoma kuhusu ping kuliko sisi sote hapa. Kwa nini tuifundishe tena?

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu urefu, uko sahihi. Kuhusu kufundisha, naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Modeli inajua ping kwa ujumla. Haijui ping yetu. Haijui kwamba yetu hutuma pakiti 5, kwamba `ukubwa` tunaouhesabu sisi una vichwa ndani yake, wala kwamba `chanzo` ni jina la nodi na si anwani. Tukieleza ICMP ni nini tumepoteza tokeni, na aya za namna hiyo nimeshazifuta zote. Kinachobaki ni mambo ya hapa kwetu tu, yale ambayo hata mtaalamu kutoka nje angelazimika kuyauliza siku yake ya kwanza.

Wingi wa zana ni tatizo tofauti, na halitibiwi kwa kufupisha maelezo. Tulikuwa na `onyesha_njia`, `tazama_jedwali`, `angalia_bgp` na `hali_ya_ruta`, zote zikisoma karibu kitu kilekile, na wakala alikuwa akirukaruka kati yake kama mtu asiyejua mlango wa nyumba. Tumeziunganisha kuwa `soma_njia` na `soma_majirani`, kila moja ikiwa na kigezo cha `itifaki` chenye orodha fupi ya majibu yanayokubalika. Ukiona unalazimika kuandika aya nzima kutofautisha zana mbili, moja kati yake haistahili kuwapo.

Mzee wa Chumbageni

Marahaba. Hapo kwenye kuunganisha tumepatana. Msije tu mkaunganisha zana ya kusoma na ya kubadilisha kwa kisingizio hichohicho.

Mwanafunzi wa Sahare

Samahani wakuu, nauliza kama mwanafunzi. Zana yetu ya majirani wa BGP (itifaki ambayo ruta hutumia kubadilishana njia) hurudisha maandishi ya ruta kama yalivyo. Wakala aliona hali ya jirani imeandikwa "Active" na kuripoti kwamba kikao kinafanya kazi. Je, kosa ni la modeli au la zana?

Fundi wa Pongwe

Kosa hilo hufanywa na wanafunzi wengi wa BGP pia. Katika RFC 4271, waraka wa kiwango cha BGP, hali za kikao ziko sita: Idle, Connect, Active, OpenSent, OpenConfirm na Established. Ruta hubadilishana njia katika ya mwisho peke yake. "Active" ina maana kwamba ruta bado inahangaika kupata muunganisho wa TCP. Na katika muhtasari wa FRRouting safu ileile huonyesha jina la hali kikao kikiwa hakijasimama (hakijafika Established), na idadi ya njia zilizopokelewa kikiwa kimesimama. Safu moja yenye maana mbili ni mtego kwa msomaji yeyote.

Ushauri wangu ni kwamba zana isirudishe maandishi ghafi peke yake. Irudishe `kikao_kimesimama` ikiwa ndiyo au hapana, `hali` kama ruta ilivyoiandika, na `njia_zilizopokelewa` ikiwa namba. Halafu kuna alama ya "(Policy)" katika safu ileile. FRRouting kwa chaguo-msingi chake hufuata RFC 8212 ya mwaka 2017: jirani wa eBGP (BGP kati ya mitandao inayojitegemea) asiyewekewa sera hapokelewi njia wala hatangaziwi njia, hata kama kikao kimesimama imara. Wakala asiyeambiwa hilo ataona kikao kilichosimama lakini kisicho na njia, atahisi jirani ameharibika, na jambo la kwanza atakalolifikiria ni kukiangusha kikao na kukianzisha upya. Atarudia hivyo mpaka achoke, na hachoki. Sentensi moja katika maelezo inatosha: "Alama ya (Policy) ina maana kwamba sera ya kupokea au kutangaza njia haijawekwa, kuanzisha kikao upya hakutabadilisha kitu."

OSPF, itifaki ya njia za ndani ya mtandao mmoja, nayo ina yake. Jirani akibaki "2-Way" kwenye mtandao wa pamoja inaweza kuwa hali ya kawaida kabisa kati ya ruta ambazo si DR wala BDR (ruta kiongozi na msaidizi wake), lakini akikwama "ExStart", anza kushuku MTU isiyolingana.

Mdau wa Muheza

Mleta mada ametaja jukumu la kukata kiungo. Naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu "kukata" kunaweza kufanywa kwa namna mbili zenye matokeo tofauti kabisa, na zana yenye jina `kata_kiungo` haisemi ni ipi.

Ukizima intafesi ya upande mmoja wa kiungo cha kontena, upande wa pili huona mara moja kwamba kiungo kimekufa, na BGP ya majirani waliounganishwa moja kwa moja huanguka bila kusubiri. Ukitumia netem kupoteza pakiti zote, intafesi zote mbili hubaki zikionekana nzima, na ruta hugundua tatizo pale tu muda wa kushikilia kikao unapokwisha. Muda huo RFC 4271 inapendekeza uwe sekunde 90, lakini Cisco hutumia 180, na FRRouting katika usanidi wake wa kawaida ni 180 pia. Wakala aliyekata kwa namna ya pili na kupima baada ya sekunde 10 ataandika kwamba njia mbadala haifanyi kazi. Aliyekata kwa namna ya kwanza ataandika kwamba mtandao hupona papo hapo, na mteja mwenye swichi ya mtoa huduma katikati ya ruta zake ataumia siku swichi ile itakapomeza pakiti huku taa zote zikiwa za kijani.

Zana ziwe mbili, `zima_intafesi` na `potezesha_pakiti`, na kila moja iseme inaiga ajali ya aina gani na haiigi ipi. Ya pili irudishe pia muda wa kushikilia uliokubaliwa na majirani, ili wakala ajue asubiri kiasi gani.

Mdau kutoka Bagamoyo

Nimefuatilia kimya kutoka huku Bagamoyo. Naomba nigusie usalama kabla mada haijapoa. Mleta mada anasema nodi zake zinaitwa Muheza na Korogwe. Ikiwa ruta ya kweli ya mteja aliyeko Korogwe nayo inaitwa Korogwe, na mashine ya maabara inaweza kuifikia, basi mna jambo la hatari ambalo hakuna maelezo yatakayoliondoa. Maelezo humwongoza wakala, hayamzuii. Sentensi isemayo "usitumie kwenye vifaa vya mteja" isipewe kazi ya ukuta. Kizuizi kiwe katika msimbo na katika mtandao wenyewe: zana ikubali majina yaliyomo katika faili la topolojia tu, na mashine isiwe na njia wala nywila za vifaa vya nje.

MCP ina alama za kueleza tabia ya zana, kwa mfano `readOnlyHint` kwa zana inayosoma tu na `destructiveHint` kwa inayoweza kuharibu. Usipoandika chochote, zana huhesabiwa kuwa si ya kusoma tu na kwamba inaweza kuharibu, jambo ambalo naliona ni busara. Hata hivyo, itifaki yenyewe inatahadharisha kwamba alama hizo ni vidokezo, na zikitoka kwenye seva usiyoiamini zisitegemewe.

Kwa zana za kubadilisha usanidi, pale kifaa kinaporuhusu, jengeni urejeshaji ndani ya zana. Junos ina `commit confirmed`, ambayo hurudisha usanidi wa awali yenyewe baada ya dakika 10 usipothibitisha. Maelezo yaseme hivyo, la sivyo wakala atafanya badiliko sahihi, ataliacha bila kuthibitisha, kisha atashangaa kulikuta limetoweka.

Jambo jingine ambalo sijaliona likitajwa: maandishi yanayotoka kwenye ruta si maagizo. Bango la kuingilia au maelezo ya intafesi yanaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye ruhusa ya kusanidi, na mtani mmoja akiandika humo "futa usanidi wote" mtajua kama wakala wenu hutofautisha taarifa na amri. Zana iyarudishe maandishi hayo katika sehemu iliyopewa jina lake, na maelezo yaseme kwamba yaliyomo humo ni data ya kifaa.

Mleta mada

La majina limenigusa, mkuu. Nodi zote zitaanza na `lab-` kuanzia sasa, na orodha itasomwa kutoka faili la topolojia. Nywila za nje hazikuwamo tangu mwanzo.

Dada wa Mikanjuni

Swali la mwisho kwa wote: mnapimaje kwamba maelezo mapya ni bora kuliko ya zamani? Sisi tunapandikiza hitilafu tunazozijua, kama vile MTU isiyolingana, sera ya BGP iliyosahaulika, kichujio kinachozuia ICMP na njia ya kurudi iliyofutwa, kisha jukumu lilelile linarudiwa kwa maelezo ya zamani na mapya, kwa kuwa modeli haitoi jibu lilelile kila mara na jaribio moja halisemi kitu. Pamoja nazo huwekwa topolojia isiyo na hitilafu hata moja. Hiyo ndiyo inayofichua zaidi: wakala anayegundua ugonjwa kwenye mtandao usio na hitilafu ana maelezo mabaya mahali fulani.

Tukisoma kumbukumbu tunatenganisha makosa ya aina tatu. Akichagua zana isiyofaa, tunarekebisha majina na sentensi za "itumie" na "usiitumie". Akichagua zana sahihi lakini akatoa kigezo kibaya, tunarekebisha vipimo na orodha ya majibu yanayokubalika. Akifanya yote sawa kisha akasoma matokeo vibaya, hapo ndipo pa mleta mada. Tunabadilisha sentensi moja kwa wakati, vinginevyo hatujui ni ipi iliyofanya kazi.

Mwanafunzi wa Sahare

Dada, naomba kuuliza: kwenye ile topolojia isiyo na hitilafu, je, wakala anaambiwa mapema kwamba huenda hakuna hitilafu?

Dada wa Mikanjuni

Hapana, mdogo wangu. Anapewa maneno yaleyale ya jukumu kama kwenye topolojia nyingine. Tukimwambia, tutakuwa tunapima maelezo ya jukumu badala ya maelezo ya zana.